Ramani ya Tambuu

Baba alikuwa karani wa vipimo
ghala la karafuu, Wete, na ramani ile
aliachiwa na Mjerumani wa jenereta
aliyeondoka na homa na mkoba wa ukili.
Akaigandisha kwa uwanga juu ya mtungi,
ukuta usiopigwa mvua.

Taarifa ya habari ikikaribia, hutafuna.
Jani, popoo, chokaa, bila haraka,
mkono juu ya redio iliyofungwa mpira wa baiskeli.
Wakisema serikali fulani imeanguka,
wakulima na wafanyakazi wameshika,
huchovya kidole mdomoni
akaipaka nchi.

Uhabeshi ndiyo ya kwanza ninayoikumbuka.
Msumbiji ndefu, kidole kikarudi mara tatu.
Angola. Bukini siku ya mvua, rangi ikachuruzika
mpaka baharini, na Ngazija
akaifunika nzima kwa ncha ya ukucha.
"Bamvua hilo!" akatwambia. "Maji yakijaa
hayamwulizi mtu mlango."

Mama kasimama na kadi ya mgao,
yuko foleni tangu alfajiri, kikapu kitupu.
"Na mchele, nao waja na bamvua?"
Baba akatema nje, akasema historia haina pupa.
Mama akasema tumbo la Mwanakheri linayo.

Mwanakheri ni mimi.

Msimu ule mjomba Sharboko alikamatwa Msuka,
usiku, na gunia la kuvushwa Mombasa.
Askari wakalileta ghalani, ushahidi upimwe.
Baba akapima.
Pishi kumi na mbili na kibaba.
Kibaba kile, walisema watu wa Jadida mwaka mzima,
kibaba kile angeweza kukimwaga chini,
nani angekiona?
Akakiandika. Kwa wino, hati nzuri,
ile ile aliyoniandikia jina langu
kwenye daftari la skuli.

Sikumwona Mama akilia.
Nilimwona akiosha sahani
zilizokwisha kuoshwa.

Ilipofika zamu ya Shelisheli
tulikuwa tunakula shelisheli,
la kuchemsha, chumvi tu, siku ya nne mfululizo.
Redio ikalitaja jina. Huko nako kumegeuka.
Tukaangalia sufuria.
Mama akaanza kucheka, kicheko kikamtoka puani,
akacheka mpaka akaangukia kizingitini.
"Shaame, ipake! Na hii iliyomo sahanini
ipake pia, isibaki nyuma!"
Baba hakunyanyuka.
Tambuu imekwisha, alisema,
na kijaluba kimejaa mbele yake.

Mjomba alirudi baada ya miaka mitatu,
meno ya mbele hana.
Alikunywa chai yake yote kwanza, akageuza kikombe.
Rangi ukutani ilishakuwa ya kutu,
tambuu haishiki karatasi,
na Ngazija yenyewe maji yalikuwa yameshakupwa,
tulisikia kwenye redio ile ile
na hakuna aliyekwenda kuifuta.
Akaisogelea ramani
kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa vibaya.
"Na sie, shemeji, tupo wapi?"

Lilikuwa neno la kwanza baina yao.

Baba akaleta kandili.
Unguja ilikuwepo, punje ya mtama.
Juu yake hapana kitu:
uwanga ulituna pale, ukaota ukungu.
Wakasimama wawili, vichwa karibu kugusana,
Mama mlangoni na birika asiyoiweka chini,
na Baba akikwangua kwa ukucha,
ukucha ule ule,
pole pole,
asije akaichana.